Harufu ya Klorini

Daktari Salha alikuwa amekwisha kulitoboa jino la Bi Mwanakombo. Sasa alichukua bomba la sindano, akaanza kuosha ndani ya mzizi kwa dawa ya kuua vijidudu. Bi Mwanakombo akasikia harufu ya klorini.

Marehemu mumewe, Shekue, ndiye aliyekuwa akitia klorini kwenye tangi la maji la mji, na kila jioni alirudi nyumbani akinukia hivyo hivyo. Tangu azikwe, miaka minne sasa, mashati yake yalikuwa yamebaki na harufu ya kabati tu.

Machozi yakamtoka.

"Nimekuumiza, mama?"

Akatikisa kichwa.

"Basi jino limeshakuwa safi. Naliziba."

Bi Mwanakombo akamshika mkono. "Osha tena, mwanangu," alisema kwa shida, mdomo ukiwa wazi. "Mume wangu alikuwa akinukia hivi."

Daktari akalijaza bomba upya, akaosha taratibu. Bi Mwanakombo akafumba macho, akajisogeza pembeni mwa kile kiti chembamba, kama mtu anayempisha mwenzake kitandani.