Kuogeshwa kwa Bi Hadia

Bi Hadia alikuwa amegoma kuoga kwa siku kadhaa, na msimamizi wa makao ya wazee akatoa amri: akikataa tena leo, wahudumu wawili wenye misuli wambebe, wamsugue kama sufuria. Mwajabu, mhudumu mgeni, aliomba ajaribu yeye kwanza.

"Nikuvulie nguo wewe?" Bi Hadia alifoka bafuni, kanga kaikumbatia kifuani. "Mwili wangu aliuona marehemu mume wangu tu, tena taa tulizima!"

Mwajabu akavua mtandio wake, akajifunga nao machoni. "Haya, bibi. Mimi sasa kipofu. Niongoze."

Punde akasikia kanga ikidondoka. Akachota maji, akamwaga.

"Huo ni mlango, mjukuu wangu. Haujaomba kuoga."

Kopo la pili likamlowesha Mwajabu mwenyewe. Bibi akacheka mpaka akapaliwa.

Halafu mkono wenye mikunjo ukamshika Mwajabu kiwiko, na dodoki likaanza kumsugua taratibu, kutoka begani hadi vidoleni.

"Simama vizuri, Mwanaidi. Sabuni itakuingia machoni."

Mwajabu akaduwaa. Mwanaidi ndiye nani? Bibi anamtania, au kumbukumbu zimempeleka mbali? Amrudishe, au amwache?

Nyayo za msimamizi zikasimama nje. "Vipi humo, anaoga?"

"Tunaoga," Mwajabu akajibu, akainamisha kichwa. Maji ya uvuguvugu yakamshukia utosini, polepole, kama anayeogeshwa ni mtoto mchanga.