Mgao wa Nyumba

Daktari Nasra aliyasoma majibu ya damu, kisha akamgeukia Lukelo, kijana ambaye siku hizi alichoka hata kwa kufunga kamba za viatu.

“Homoni yako ya kiume iko chini mno. Kuna sindano, na kuna jeli ya kupaka mabegani. Lakini mgao unaujua: kila nyumba ina kiasi chake. Ukipandishwa wewe, mwingine anashushwa.”

“Wanaume nyumbani ni mimi na baba tu, daktari.”

“Mzee alipita hapa juzi. Ameshakubali.”

Lukelo akachagua sindano. Haikuchukua muda, nguvu zikamrudia na ndevu zikamjaa. Jioni moja akakuta geti liko wazi, mbuzi wa jirani wamo bustanini, na baba yake, mzee ambaye mtaa mzima ulimwogopa kwa ukali, amekaa barazani anawatazama.

“Baba, mbuzi wanamaliza maharage!”

“Nimewaona, mwanangu. Waache nao wale.”

Lukelo akafoka mpaka majirani wakachungulia. Mzee akashtuka, akainuka upesi, akampisha kile kiti chake ambacho hakuna mwingine aliyewahi kukikalia. Na Lukelo, kabla hajafikiri, akakaa.