Pembe ya Mkeka

Baada ya mazishi ya kaka yake, Bi Zuhura aliubeba mkeka wa sebuleni, akamwachia wifi yake Mwanakheri saruji tupu. Mwanakheri hakubishana. Alinunua rangi, akapiga magoti wiki nzima, akauchora mkeka uleule sakafuni, ukili kwa ukili, hata ile pembe iliyozoea kukunjika.

Ijumaa Bi Zuhura akabisha hodi. Alivua viatu ukingoni mwa mkeka, kama mtu yeyote aliyefunzwa adabu, kisha akainama ainyooshe pembe.

Kucha zikakwaruza saruji.

"Lakini mkeka si uko kwangu, juu ya kabati!" akamaka.

"Karibu ukae, wifi," akasema Mwanakheri, mwenyewe ameshaketi katikati.

Bi Zuhura akaipapasa tena ile pembe, miguu mitupu, asithubutu kukanyaga.