Kiti Bado

Sebuleni kwake, mtaani Al-Rawdah, Madam alikuwa kwenye simu akipanga safari ya Riyadh, kwenda kutazama onyesho la dansi ya tango. Hoteli alishapata. Zilibaki tiketi.

"Nakata mbili, yangu na ya mume wangu," alimwambia Sellah, mfanyakazi wake wa ndani. "Wewe utabaki hapa Jeddah na Mama. Tangu aanguke, hata hatua moja hataki. Huko ataenda kufanya nini?"

Mama huyo, mzazi wa Madam, alikuwa kitandani chumba cha pili, na masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote.

Sellah akaenda kumtoa kitandani amweke kwenye kiti cha magurudumu. "Yalla, haya twende, Mama." Akamkumbatia kifua kwa kifua, kama alivyofundishwa Nairobi kabla ya kusafiri: inua, geuza, kalisha.

Leo Mama hakukubali kukaa. Kutoka sebuleni, simu ya Madam ilikuwa ikipiga muziki wa tangazo la onyesho. Mkono wenye hina iliyofifia ukapanda begani kwa Sellah, ukatulia pale.

"Kiti bado," Mama akanong'ona.

Sellah alisita. Akimwangusha, kazi imekwisha. Akamkaza kiunoni, akarudisha mguu wake nyuma polepole. Kidole gumba cha mguu wa Mama kikapapasa zulia, kikajikunja, kisha unyayo mzima ukafuata.

Sellah alipoinua macho, Madam alikuwa amesimama mlangoni, simu mkononi. Aliongeza sauti ya muziki, akaingia, akakisukuma kile kiti hadi ukutani.