Maswali ya Kukwepa Jembe

"Uliza kitu, Ketrina! Majembe hayo yanakuja!" Abrahamu alinong'ona, akimfinya mgongoni.

Ketrina aliuma kidole. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa maswali wa darasa la sita, cheo alichopewa na wenzake kwa kura, na Jumatano hii alikuwa ameishiwa.

Mambo yalianza muhula ulipofunguliwa. Mwalimu Bashiri, mtu wa Pwani aliyehamishiwa kijiji hicho cha karibu na Isansa pamoja na viatu vyake vyeupe, alitangaza kwamba elimu ya kujitegemea ni vitendo. Shule ina shamba jipya ng'ambo ya kijito, alisema, limemezwa na magugu ya sangari, na kila Jumatano baada ya masomo watakwenda kulilima.

"Ila siwezi kumwacha mtu na swali kifuani," aliongeza. "Swali kwanza, jembe baadaye."

Masikini mwalimu, hakujua anacheza na nani. Watoto wale walishalima kahawa za baba zao tangu alfajiri, na viganja vya Ketrina vilikuwa malengelenge matupu. Jumatano ya kwanza aliuliza kwa nini ukivuka Tunduma kuingia Zambia saa inarudi nyuma. Mwalimu alichora dunia ubaoni mpaka kuku wakaanza kurudi bandani. Hakuna aliyelima.

Swali jepesi, hata hivyo, mwalimu alilimaliza kwa neno moja. Ikabidi yatafutwe mazito. Maktaba ya shule ilikuwa kabati moja lililofungwa kwa kamba, na kamba ile sasa haikukaa. Wakati wa mapumziko watu waliacha mpira wakapigania vitabu. Loisi alizama kwenye volkano. Abrahamu, ambaye hajapata kumaliza ukurasa tangu azaliwe, aliibuka na minyoo ya ng'ombe, mtaji wa Jumatano mbili. Ketrina alisoma hata Jumamosi, kwa tahadhari tu.

Muhula ukaelekea ukingoni bila mtu kugusa udongo. Sasa kabati lilikuwa limekwisha.

Ketrina akasimama. "Mwalimu, nyoka ana masikio?"

"Hana."

Akaketi. Darasa likamtazama kama mbuzi aliyekula mbegu.

"Hakuna swali jingine?" Mwalimu Bashiri aliuliza. "Hata dogo? Jamani, leo hata la kijinga napokea."

"Tumeelewa yote, Mwalimu," Abrahamu alisema kwa huzuni.

Mwalimu alijifuta jasho. "Haya. Majembe."

Wakashika njia kwa mstari, Ketrina mbele, matusi ya Kinyiha yakimfuata kisogoni. "Mwenyekiti gani wewe!" Mwalimu, ambaye siku zote alitembea kama askari, leo alisimama kila baada ya hatua chache kuwaonyesha ndege. Hakuna aliyeuliza ni ndege gani. Walikuwa na hasira.

Kwenye kijito walimkuta Mzee Osea, mwenyekiti wa kijiji, akinywesha ng'ombe.

"Shikamoo, mzee!"

"Marahaba, wanangu." Aliyatazama majembe, kisha akamgeukia mwalimu. "Mwalimu, mnakwenda kumlimia nani? Shule haina shamba bado. Si wewe mwenyewe uliyeiomba kamati isilitoe mpaka watoto wamalize vitabu vya kabatini?"