Kilo Kumi

"Sukuma, mama," alisema Kazimoto, mpimaji wa wodi.

Bi Mwanakheri alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu inaning'inia, imekonda kama mipini ya jembe. Siku kumi na tisa alipumulia mashine, na katika siku hizo mumewe alikufa, akazikwa, wala hakuna aliyemngoja azinduke. Kesho ni arobaini. Daktari naye kasema mguu usioweza kusukuma kilo kumi hautoki hapa.

Kazimoto alikibana kipimo cha nguvu, chenye sindano kama ya mizani, kwenye muundi wa Bi Mwanakheri kwa kiganja. Akasukuma. Mkono wa Kazimoto ukarudi nyuma.

"Saba."

"Saba yako hiyo!" alifoka. "Unapima mguu wangu au mkono wako?"

"Mama, tangu asubuhi nimepima watu ishirini."

"Kwa hiyo nikae hapa kwa kuwa wewe umechoka? Mlimzika bila mimi, na arobaini mle pilau bila mimi?"

"Mimi sijazika mtu, mama."

"Nyamaza. Shika hii."

Akavua kanga mabegani na kumtupia. "Zungusha juu ya kipimo, ufunge huko nyuma, kwenye mguu wa kitanda. Chuma hakichoki."

Kazimoto akafunga mafundo mawili. Bi Mwanakheri akakamata godoro kwa mikono yote miwili, akasukuma. Kanga ikakaza, kitanda kikalia. Sindano ya kipimo ikapita saba, ikapita nane, ikasimama kwenye tisa ikitetemeka.

Kazimoto akainama kusoma.

"Usisome," alisema Bi Mwanakheri, meno yameumana. "Sijamaliza."