Kamba ya Salha

Kamati ilikutana kuamua kama dawa mpya ya kifafa iendelee kutolewa katika hospitali ya mji. Bi Zamda aliitwa, kwa kuwa binti yake Salha alikuwa akiitumia.

"Haanguki ovyo tena, hilo tumeliona," alisema mwenyekiti, Daktari Mbelwa. "Lakini haimwongezei umri. Na sisi, mama, tunapima faida ya mgonjwa tu."

"Na mimi je?"

"Wewe si mgonjwa."

Bi Zamda akatoa kamba ya katani mkobani.

"Kabla ya dawa, kila nilipokwenda sokoni nilimfunga mwanangu kitandani kwa kamba hii, asije akaangukia moto. Alilia, nami nikaondoka. Hilo mmelipima wapi?"

Bi Zamda akamsogelea mwenyekiti.

"Basi naomba mkono wako, Daktari."

Mwenyekiti akaunyoosha, labda kwa haya. Bi Zamda akaufunga kwenye kiti, akakaza.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Sokoni," akasema, akatoka na kuubamiza mlango.

Wajumbe wakatazamana. Mkono wa pili wa Daktari ulikuwa huru, lakini hakuligusa fundo.